Sikulala Ndani ya Sanduku Namba Tisa

Makao Makuu, Idara ya Maeneo
4 Machi

Kwa Fundi wa Masanduku ya Taa, Kiwanja cha Ndege

Kuhusu: Kivuli cha mtu katika sanduku namba tisa

Tumepokea malalamiko kutoka kwa mteja wetu, mwenye kiwanda cha magodoro, aliyekodi pande zote mbili za sanduku la matangazo namba tisa katika ukumbi wa kuwasili. Jumatatu asubuhi shemeji yake alikuwa hapo akimsubiri mgeni. Anasema kuanzia saa nne na dakika tano mpaka saa nne na dakika kumi na sita, kivuli cha mwanamke kilionekana juu ya picha ya godoro. Kilikuwa kimeinama, na mikono yake ilikuwa ikifanya jambo ambalo yeye hakupenda kuliandika. Watu waliacha kuangalia mlango wanakotokea abiria, wakageukia sanduku. Baadhi walipiga picha.

Sanduku lile lina ufunguo mmoja, nao unakaa kwako. Na kanuni unaijua: hakuna mtu kuwa ndani taa zikiwaka.

Eleza kwa maandishi. Ulikuwa ndani? Ulikuwa na nani? Mlikuwa mkifanya nini?

Mkuu wa Maeneo


Kiwanja cha Ndege
6 Machi

Kwa Mkuu wa Maeneo

Barua yako imefika. Ndiyo, nilikuwa ndani ya sanduku namba tisa. Niliingia nikiwa nimezima taa kwa mkono wangu kama kanuni inavyosema. Taa ziliwaka zenyewe nikiwa humo. Haikuwezekana kutoka haraka. Sanduku halikuharibika, kitambaa cha tangazo hakikuchafuka, na taa zote kumi na nane ni nzima.

Naomba mwangalie nani aliwasha.

Fundi wa Masanduku


Kambi ya barabara
10 Machi

Mama Tonge,

Naandika nikiwa nimekaa juu ya pipa la lami, kwa hiyo mwandiko ukipinda usinicheke. Mtandao huku haushiki, unajua. Habari zetu zinaletwa na lori la kokoto, na jana limeleta kokoto pamoja na maneno.

Dereva alikutana na binamu yangu, yule mpakia mizigo wa hapo kiwanjani kwenu. Binamu kamwambia, "Mwambie kaka, shemeji ameonekana ndani ya sanduku la matangazo." Nikamuuliza dereva, ameonekanaje? Akaanza kukagua matairi. "Kivuli tu," akasema. "Kinafungua vifungo." Wenzangu wote wakaweka makoleo chini. Yule tunayemwita Msumari akasema, "Kivuli hakifungui vifungo bure, bwana."

Nilichukua koleo langu nikachimba mahali ambapo hapakuwa na kazi ya kuchimba.

Nimekuacha na mama yangu na mtoto wetu, sikukuacha na watu wa masanduku. Ulikuwa humo na nani? Kama ni baya nilisikie kwako, nisilipokee kwenye lori pamoja na mawe.

Tonge ameota jino?

Baba Tonge


Makao Makuu, Idara ya Maeneo
12 Machi

Kwa Fundi wa Masanduku

Maelezo yako hayatoshi. Taa ziliwashwa kutoka hapa makao makuu. Tangu mwezi uliopita tunawasha kila ndege inapotua, na ile ya Jumatatu ilitua kabla ya wakati wake. Huo ni utaratibu mpya na si kosa la mtu.

Hukujibu ulikuwa na nani. Sitauliza tena. Mimi ni mtu mzima, nina mabinti, na najua mambo ya vijana. Nimekaa nikafikiria jinsi ya kukusaidia. Naambatanisha karatasi iliyokwisha kuandikwa, isaini tu uirudishe. Inasema hivi:

"Mimi fundi nakiri kwamba siku ya Jumatatu, nikiwa kazini, nilipitiwa na usingizi ndani ya sanduku namba tisa. Naomba radhi."

Utapewa onyo la kawaida na kazi yako itabaki. Mteja wetu ni mtu wa magodoro. Akisikia kwamba fundi alishikwa na usingizi nyuma ya godoro lake atacheka, na yataisha. Akiuliza habari ya mikono, tutasema ulikuwa unaota.

Afadhali kulala kuliko hayo yanayosemwa.

Mkuu wa Maeneo


Nyumbani
14 Machi

Baba Tonge,

Jino limeota, la chini, na tayari amelijaribu kwangu. Hiyo ndiyo habari njema. Sasa kaa sawasawa kwenye pipa lako usije ukaanguka.

Nilikuwa humo na kikombe.

Kikombe cha plastiki chenye mfuniko, kile cha bluu ulichoninunulia wewe mwenyewe. Mtoto ana miezi saba. Natoka hapa saa kumi na moja alfajiri, yeye bado ana usingizi, narudi jua linazama. Ikifika saa nne kifua kinakuwa mawe mawili, na sare inalowa mbele kama nimemwagiwa chai. Nisipokamua yatakauka. Mama yako alisema siku ile ya kwanza nilipovaa sare, "Mwanangu, ziwa ni kama kisima, kisipotekwa kinajifunga." Sasa mimi nakiteka, na naletewa maswali.

Nilianza chooni. Mkono mmoja unakamua, mwingine unashikilia mlango maana komeo lake bovu, na huko nje abiria anagonga, "Wewe dada, umezaa humo?" Nikajaribu chumba chetu cha mapumziko. Kimejazwa mabango ya zamani mpaka darini, hata paka hapati pa kugeukia. Ndipo nikafikiria namba tisa. Lile sanduku limesimama katikati ya ukumbi, upana wake kama kabati la nguo la watu wawili. Upande huu kitambaa, upande ule kitambaa, taa zimening'inia katikati kama nguo kwenye kamba. Kuna mlango mdogo wa fundi na unafungwa kwa ndani. Nazima taa, nageuza ndoo, nakaa. Watu mia mbili wako nje wanasubiri ndugu zao, hakuna hata mmoja anayejua kama nipo. Miezi mitatu nimefanya hivyo. Ndiyo maziwa ambayo mtoto wako amekuwa akinywa asubuhi zote hizo ukidhani nayaacha nyumbani kwa uchawi.

Sikukwambia kwa sababu ungesema acha kazi. Nilikujua.

Hilo swali lako la "na nani" nimelisoma mara mbili. Mara ya kwanza nililia, ya pili nikakasirika, na hasira ndiyo iliyobaki. Mkuu wangu ameniuliza swali hilohilo, neno kwa neno. Yeye nimemsamehe, hanijui.

Nimefunga kifungo hiki cha sare ndani ya bahasha. Kiling'oka siku hiyohiyo, nikivaa kwa haraka. Mwonyeshe Msumari, mwambie ndicho kilichofunguliwa, na mwambie kilifunguliwa kwa ajili ya nani.

Mama yako anakusalimu. Nilipomsomea barua yako akasema, "Huyu naye nilimnyonyesha miaka miwili."

Mama Tonge


Kiwanja cha Ndege
15 Machi

Kwa Mkuu wa Maeneo

Narudisha karatasi yako bila saini.

Umesema una mabinti, basi nitakueleza kama mzazi. Nilikuwa peke yangu. Nilikuwa nakamua maziwa ya mwanangu. Mikono mliyoiona ndiyo kazi hiyo. Nilikuwa nimefika nusu ya kikombe mlipowasha taa. Nikaona kivuli changu kimepanda juu ya godoro, kikubwa kunishinda mara tatu, na nikasikia ukumbi umenyamaza. Katika barua ya kwanza niliandika kwamba haikuwezekana kutoka haraka. Huo haukuwa ukweli wote. Iliwezekana. Ningefunga vifungo nikatoka ndani ya dakika moja. Lakini ningesimama kivuli kingekuwa kirefu zaidi, na maziwa yangemwagika, na mtoto anayategemea kesho yake asubuhi. Nikasema moyoni, walichokiona wameshakiona. Nikamalizia.

Hilo nalikiri na kulisaini hapa hapa. Lakini hilo la usingizi sitalisaini.

Mheshimiwa, mimi sijalala tangu mwezi wa nane. Nalala kwa vipande, kama mtu anayekula makombo. Nimewahi kushika ngazi yako nikiwa nimefumba jicho moja ili lingine lipumzike, na sijawahi kuanguka, wala kuvunja taa, wala kuchelewa kubadilisha tangazo hata siku moja. Kati ya makosa yote mliyoweza kunichagulia mmechagua kulala! Mngeniandikia nimeiba ngazi ningeelewa kidogo. Watu wakija kusoma faili langu siku moja, hata huyu mtoto akiwa mkubwa, wakute mama yake alilala kazini? Nilikuwa macho. Katika ukumbi ule mzima hakuna aliyekuwa macho kuliko mimi.

Na kwa kuwa tunaandikiana ukweli: makubaliano yenu na kiwanja yanasema wafanyakazi tuna chumba cha mapumziko. Njoo ukione. Uje na mtu wa kuhamisha mabango.

Fundi wa Masanduku


Kambi ya barabara
19 Machi

Mke wangu,

Kifungo kimefika. Nilikiweka juu ya meza ya chakula mbele ya wote nikasema, "Alikuwa na kikombe." Msumari alikitazama. Kisha akasema mkewe naye aliacha kazi ya kushona kwa jambo hilohilo, na yeye Msumari alimlaumu kuwa mvivu. Hakumaliza chakula.

Uliyoandika yamenikaa moyoni. Nimekosa, na si kidogo. Ulisema sawa pia, ningekwambia acha kazi. Labda ndiyo sababu nilikuwa mwepesi wa kusadiki maneno ya lori.

Lakini nisikilize, Mama Tonge. Isaini hiyo karatasi. Kulala si kuiba, wala si kuzini. Hapa kila mtu amewahi kukutwa amelala chini ya gari, anachekwa, anaamka. Utawaambia ulilala, watakuonya, kesho unaendelea. Kwa nini ugombane na watu wenye mihuri? Mpanda ngazi hashindani na aliyeishika.

Nakuomba kwa wema.

Baba Tonge


Makao Makuu, Idara ya Maeneo
22 Machi

Kwa Fundi wa Masanduku

Nimeipokea barua yako. Kusema kweli niliisoma nikiwa nimefunga mlango. Nakuomba radhi kwa lile swali la "na nani".

Sasa kuna jambo jipya na naona litakufurahisha. Picha za kivuli zimemfikia mteja mwenyewe. Nilipomweleza ilikuwa nini, hakukasirika hata kidogo. Alipiga meza akacheka. Wewe unajua kazi yetu: mtu wa kawaida hulitazama sanduku kwa sekunde mbili, tatu akiwa amechelewa kupokelewa. Lile lilitazamwa dakika kumi na moja. Hakuna tangazo letu lililowahi kutazamwa hivyo, popote.

Anataka lirudiwe. Wiki moja, saa nne asubuhi, wewe au mwanamke mwingine, kivuli tu, na maneno chini yake kuhusu mama na kupumzika. Ukikubali, suala la onyo litafutwa na faili litakuwa safi. Usipokubali, Mkurugenzi anasema onyo liko palepale, na kwa kuwa umekataa karatasi ya usingizi, safari hii anaweza kukuachisha.

Fikiria vizuri. Mtu hapewi bahati mara mbili.

Mkuu wa Maeneo


Nyumbani
24 Machi

Baba Tonge,

Nimekusikia, na nimekusamehe. Umeomba kwa wema nami nakukatalia kwa wema.

Wewe ukilala chini ya gari, ulilala kweli. Wakicheka wanacheka ukweli, na wewe unacheka nao. Mimi nikisaini, nitakuwa nimewapa kitu ambacho sikuwa nacho. Tena kesho akija mwanamke mwingine kwenye kazi hii, akiomba mahali pa kukamua, watafungua faili: "Wa kabla yako hakuwahi kuomba, yeye alikuwa akilala tu." Nitakuwa nimemfungia mlango mtu nisiyemjua.

Sasa wamekuja na jingine, wanataka kivuli changu kiuze magodoro. Mama yako kaniuliza, "Na mtoto naye watamtaka auze nini, mito?" Nilicheka mpaka Tonge akaamka.

Naogopa, usidhani siogopi. Wakiniachisha tutabana. Nimeshakaa nikaitazama hofu hiyo usoni, na bado sisaini.

Kula vizuri. Kofia yako ivae.

Mama Tonge


Kiwanja cha Ndege
25 Machi

Kwa Mkuu wa Maeneo

Radhi yako nimeipokea, asante.

Kuhusu mteja: mwambie kivuli changu hakikodishwi. Masanduku ishirini na moja ya kiwanja hiki nayajua kama watoto wangu. Najua lipi linatazamwa na lipi linapitwa, na kila nafasi ndani yake ni yenu kuuza. Mimi si nafasi. Mlipofikiri ni aibu mlitaka niifiche, mlipoona inatazamwa mkataka niiuze. Kati ya hayo mawili hakuna aliyeuliza kama mtoto alishiba.

Kuhusu onyo: silikatai. Kanuni inasema mtu asiwe ndani taa zikiwaka, nami nilibaki ndani kwa makusudi. Nipeni onyo. Lakini liandikwe kosa nililolifanya, kwa maneno yake, na nitalisaini siku hiyohiyo bila kinyongo. Liandikwe hivi: "Fundi amepewa onyo kwa kukamua maziwa ya mwanawe ndani ya sanduku namba tisa, kwa kuwa kampuni haikumpa mahali pengine." Kisha asaini mwenye kulitoa, jina lake kamili na cheo, kama ilivyo desturi ya maonyo yote.

Na kuanzia Jumatatu namba tisa siingii tena kwa kazi hiyo. Ukumbi wa kuwasili uko wazi kwa kila mtu. Mama mkwe wangu ataniletea mtoto saa nne, nitakaa kwenye benchi la wanaosubiri, na sare yangu hivi hivi, nimnyonyeshe robo saa, niinuke niendelee na kazi. Hiyo robo saa nitaifidia jioni. Najua fundi haruhusiwi kukaa kwenye viti vya abiria. Mkitaka kuniondoa, njooni mniondoe mbele ya hao wanaosubiri ndugu zao. Nadhani watakuwa na maoni.

Fundi wa Masanduku


Makao Makuu, Idara ya Maeneo
6 Aprili

Kwa Fundi wa Masanduku

Nimechelewa kukujibu kwa sababu karatasi ilikuwa ikizunguka.

Mkurugenzi aliagiza onyo liandikwe kama ulivyotaka, ili tumalize. Mchapaji ameliandika, muhuri umepigwa. Nilipompelekea alisoma, akavua miwani, akasema jambo hili ni la mkuu wa utumishi. Mkuu wa utumishi, ambaye ni mama wa watoto wanne, alisoma akaniuliza kama nina akili timamu. Akanirudishia. Mwanasheria akasema maneno "haikumpa mahali pengine" yaondolewe. Nikamwambia fundi hatasaini. Akasema basi yeye pia hasaini. Sasa limebaki mezani kwangu, na nafasi ya saini imeandikwa cheo changu.

Nimeambiwa kuhusu benchi. Mlinzi wa ukumbi ameleta taarifa tatu. Ya kwanza ilisema unavunja kanuni. Ya pili ilisema wafagiaji wawili na yule dada wa dawati la maulizo nao wameanza kuletewa watoto. Ya tatu inasema kwamba benchi limekuwa dogo, na anaomba la pili.

Nakuletea hilo onyo, lakini nakusihi: usilisaini. Likunje, liweke kwenye droo, nasi hapa tutasahau kwamba liliandikwa. Hakuna atakayekuachisha. Ni njia ya amani kwa wote.

Mkuu wa Maeneo


Kiwanja cha Ndege
9 Aprili

Kwa Mkuu wa Maeneo

Nimelisoma onyo mara tatu nikitafuta uongo ndani yake, sikuuona. Ni karatasi nzuri. Ni ya kwanza kutoka kwenu inayosema nilikuwa nafanya nini.

Amani naipenda, lakini ya kwenye droo hapana. Mambo ya droo ndiyo yaliyotufikisha hapa.

Nimesaini. Jina langu lote, kwa herufi zinazosomeka, tarehe ya leo. Mama mkwe hajui kuandika, lakini alitaka kuwa shahidi, kwa hiyo ile alama ya kidole pembeni ni yake. Ile nyingine ndogo inayonata msiifute, mtoto alifika kabla sijamzuia.

Nafasi yako iko wazi, chini kulia. Nimekuwekea kalamu ndani ya bahasha.

Fundi wa Masanduku ya Taa